Kurasa Zinazofunguka Kwangu Tu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ikifika hali itakuwa imeshaharibika, na siyo kwangu peke yangu, ni kwangu na kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye hana kosa lolote zaidi ya kusema ukweli mbele ya watu waliokuwa wameshamaliza kudanganya.

Nianze mwanzo ili usinihukumu haraka. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya matumizi. Kampuni yetu inatengeneza mashine za kutotoleshea vifaranga, zile za umeme, mteja anapanga mayai kwenye trei, anajaza maji, anaweka joto, anafunga mlango, anasubiri. Mimi ndiye ninayemwambia maji yaingie wapi na joto liwe kiasi gani. Watu wanaiona kazi ndogo, lakini mteja akikosea joto kidogo tu anapata mayai ya kuchemsha badala ya vifaranga, na anayetukanwa ni mimi. Miaka yote maelezo yalikuwa kijitabu ndani ya boksi, na wateja walikitupa pamoja na boksi, hawasomi, wakisoma hawafiki mwisho, nimelilalamikia jambo hili mpaka nimechoka. Sasa imetoka mashine mpya ambayo joto lake linawekwa tofauti kabisa na ile ya zamani, na mkurugenzi akasema safari hii tunakwenda kisasa, maelezo yote yawe mtandaoni, akaniangalia mimi, na mimi kwa kiherehere changu nikasema hilo dogo, mkuu.

Halikuwa dogo. Nilipata programu moja ya kuandikia maelezo na kuyachungulia kabla hayajatoka, ila haina vitufe vya kubofya, unaiendesha kwa kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi, unaandika neno, unabonyeza Enter, unasubiri moyo ukikudunda. Nilihangaika nayo, mshauri, acha tu. Inaniambia folda haipo, na folda naiona kwa macho yangu. Inaniambia sina ruhusa, kwenye laptop niliyoinunua mwenyewe! Nikikosea nukta inagoma, nikisahau nafasi inagoma, nikiandika sawasawa inagoma pia, mpaka mke wangu akawa anauliza kutoka jikoni nagombana na nani. Siku ilipokubali niliandika amri ya kuchungulia, dirisha likanijibu kwa adabu kabisa kwamba kurasa zako ziko tayari, fungua anwani hii, nikaifungua, na nakwambia ukweli, nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Zilipendeza jamani! Vichwa vikubwa, picha ya trei, orodha ya mada upande wa kushoto, na kila nikibadilisha neno kwenye faili, ukurasa nao unabadilika papo hapo bila kuguswa. Nilibadilisha "weka maji" ikawa "jaza maji", nikairudisha, nikaibadilisha tena, kwa raha tu.

Basi nikaikopi ile anwani nikamtumia mkurugenzi, na mkurugenzi bila kuchelewa akaisambaza ofisi nzima, na watu wa mauzo wakaanza kuwatumia wateja. Sasa hapa kwetu kuna utaratibu: mkurugenzi akituma kitu, kila mtu amjibu kabla ya saa ya chakula, na asiyejibu anaitwa kujieleza. Majibu yakamiminika. Mhasibu akaandika, "Nimepitia, kazi safi." Mkuu wa mauzo akaandika kwamba amesoma zote, ila ukurasa wa tatu una maneno mengi, upunguzwe. Nikaupunguza. Akaandika tena, "Sasa umekaa vizuri." Hata mzee wa stoo, ambaye hana kompyuta na simu yake ni ya kupigia tu, alipita mezani kwangu akanipa mkono akasema rangi zimetulia. Mkurugenzi mwenyewe alisema kurasa zetu zinazipita za makampuni ya nje. Sikufichi, nilivimba kichwa wiki nzima.

Ndipo shemeji akafungua mdomo. Yeye anapokea simu za wateja, kazi hiyo mimi ndiye niliyemwombea, na bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, ana mtoto na hana mtu mwingine wa kumtegemea. Kwenye kikao cha Jumatatu alinyoosha mkono akasema, "Samahani mkuu, ile anwani kwangu haifunguki. Na wateja wanapiga simu wanasema hivyohivyo. Inaleta ukurasa mweupe tu, wanasema haiwezi kuunganishwa."

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Haifunguki vipi?" mkurugenzi akauliza. "Wenzako wote wameiona. Mhasibu, hukuiona?"

"Nimeiona mkuu, kazi safi."

"Stoo?"

"Rangi zimetulia, mkuu."

Mkuu wa mauzo akasema labda huyu dada anaitumia kompyuta kama friji, anafungua anaangalia ndani anafunga. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kidogo, siyo sana. Mkurugenzi akasema mtu asiyeweza kufungua ukurasa mmoja atamhudumiaje mteja, akampa mpaka mwisho wa mwezi awe amejifunza, la sivyo majaribio yaishie hapo, na akaniagiza mimi, kwa kuwa ni mtaalamu na ni ndugu yake, nimfundishe. Nyumbani mke wangu hakuzunguka. Alisema, "Mdogo wangu akifukuzwa kwa ajili ya hizo kurasa zako, utalala nazo."

Jumamosi shemeji akaja. Tukakaa sebuleni, mke wangu akaleta chai, nikaweka laptop mezani, nikafungua. "Unaona? Hii hapa." Akasema, "Naona shemeji, mbona nzuri." Nikamwambia haya, fungua kwenye simu yako. Ukurasa mweupe. Nikamsomea anwani herufi kwa herufi, kwa uvumilivu, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza. Mweupe. Nikachukua simu ya mke wangu. Mweupe. Nikachukua simu yangu mimi mwenyewe, ile ninayoitumia kila siku. Mweupe! Nikaaga nakwenda kujisaidia, nikajifungia nikayasoma maelezo ya ile programu, maana mwanzoni niliyasoma mpaka pale kurasa zilipotokea zikapendeza nikaona imetosha. Chini kidogo tu pameandikwa kwamba anwani inayoanza na localhost ni ya kuchungulia, inafunguka ndani ya mashine yako peke yake, na ukisharidhika ndipo utumie amri nyingine ya kuchapisha ili watu wengine waone. Yaani mshauri, kurasa zangu hazijawahi kutoka nje ya laptop. Ofisini hakuna binadamu aliyeziona ila mimi. Ule ukurasa wa tatu niliupunguza bure.

Nikarudi sebuleni. Shemeji akanyanyua macho. "Vipi shemeji, tatizo ni nini?" Mke wangu amesimama pale na birika, ananiangalia. Nikafungua mdomo niseme, na kilichotoka ni hiki: "Simu yako ina matatizo."

"Na ya dada?"

"Ya dada nayo mtandao umekamata vibaya."

Akaipeleka simu kwa fundi. Fundi akamwambia haina kitu. Akaja mezani kwangu ofisini akasimama akasema taratibu, "Basi shemeji, ni mimi." Nikajifanya nina simu ya kupokea.

Jumatatu iliyopita mkurugenzi akamuuliza mbele ya watu wote, "Haya dada, leo unaona?" Akaniangalia, kisha akainamisha macho, akasema, "Naona mkuu. Nzuri sana." Wakapiga makofi. Mimi nikapongezwa kwa kufundisha. Na mkurugenzi kwa furaha akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu ijayo wateja wote wa mashine mpya wapelekwe kwake, awaongoze kwa simu ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa upi sasa? Na mambo yenyewe si mchezo, maana kuna mama mmoja mwalimu mstaafu ameshapiga akilia, aliweka joto kama la mashine ya zamani kwa kuwa hakupata maelezo, na mayai yote yamekufa.

Sasa nina mpango, nataka unipimie. Jumapili nikiwa nimetulia niandike ile amri ya kuchapisha, kurasa zitoke kweli, kisha niwatumie wote ujumbe kwamba tumehamia anwani mpya iliyo bora zaidi. Shemeji ataifungua na itafunguka, kazi yake itapona, wateja watasoma, mkurugenzi hataaibika, mimi sitaaibika, mke wangu hatajua, hakuna atakayeumia. Je, kuna ubaya hapo? Na kama hakuna ubaya, mbona shemeji akinisalimia siku hizi nashindwa kumtazama usoni?

Ni mimi,
Mwandishi wa Maelezo

* * *

Ndugu Mwandishi wa Maelezo,

Barua yako nimeivusha foleni. Nilicheka mpaka nilipofika kwa mzee wa stoo na simu yake ya kupigia, nikaendelea kucheka mpaka kwa fundi wa simu, na pale shemeji yako aliposimama mezani kwako akasema "Basi shemeji, ni mimi," kicheko kikanikauka. Naomba na wewe urudi ukasome hapo, maana umepaandika haraka haraka, ilhali ulivyobadilisha "weka maji" ikawa "jaza maji" umenieleza kwa kirefu.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kutuma ile anwani si dhambi. Nimemuuliza kijana anayetutunzia kompyuta hapa gazetini, hata sijamaliza kusimulia ameshaanza kucheka, akaniambia wanaoanza kutumia programu za namna hiyo wanafanya kosa hilo kila siku. Umehangaika na dirisha jeusi, umeona kitu kimetokea, umefurahi, umekimbia kuonyesha watu. Ni ubinadamu. Ila ndugu yangu, wewe unayelalamika kwamba wateja hawasomi maelezo mpaka mwisho, wewe mwenyewe uliishia pale palipopendeza! Hilo nakuachia ulitafune mwenyewe.

Wenzako nao sitawapigia kelele, ingawa natamani. Ofisi inayotaka kila mtu asifu kabla ya saa ya chakula itapata sifa kabla ya saa ya chakula. Walichojibu si kurasa zako, walimjibu mkurugenzi. Ungewatumia picha ya ukuta wangesema ukuta umenyooka.

Kosa lako lilianza sebuleni, ulipotoka chooni. Ulipoingia humo ulikuwa mtu aliyekosea bila kujua. Ulipotoka ulikuwa unajua. Mtu uliyemwombea kazi, aliyekuja kwako Jumamosi yake na simu mkononi kwa sababu anakuamini, amekuuliza swali dogo, na wewe ukamwambia simu yake mbovu. Akakuamini! Akaipeleka kwa fundi. Fundi akamwambia simu nzima, na kwa kuwa aliamini wewe shemeji yake huwezi kusema uongo, kilichobaki kibovu ni yeye. Aibu ilikuwa yako, ukamvika yeye, na mkampigia makofi alipoikubali.

Sasa unaniletea mpango wako wa Jumapili unaniuliza una ubaya gani. Nakwambia ni mpango mzuri sana, kila mtu anapona humo isipokuwa mmoja. Jumatatu shemeji yako atafungua simu ileile uliyosema mbovu, na ukurasa utatokea. Unadhani atawaza nini? Atawaza kwamba ulikuwepo siku zote, wenzake wote waliuona, ni yeye tu na ushamba wake. Hatajua kamwe kwamba katika kikao kile alikuwa peke yake mwenye macho mazima. Na huyo ndiye mliyempa simu za wateja. Kesho mteja atapiga aseme dada, joto linapanda lenyewe, na yeye atasita, atajiuliza kama kweli amesikia sawasawa, atawatazama wakubwa wake kwanza, kisha atasema kila kitu kiko vizuri. Mlikuwa na mtu mmoja anayesema anachokiona, mkamfundisha aache. Halafu unasema hakuna atakayeumia. Na yule mama mwalimu uliyemweka mwishoni mwa barua kama nyongeza, mayai yake yalikufa kwa furaha?

Umeniuliza pia kwa nini unashindwa kumtazama usoni. Jibu unalo, usinipotezee nafasi ya gazeti.

Nisikilize sasa. Hiyo Jumapili ya kutulia sahau. Leo hii fungua dirisha lako, andika amri ya kuchapisha, na safari hii soma maelezo yote mpaka chini. Ukimaliza usiifungulie kwenye laptop yako. Nenda kwa jirani, nenda dukani, muombe mtu asiyekujua afungue kwenye simu yake. Ikifunguka kwake, hapo imechapishwa. Lakini usitume anwani kwa mtu yeyote bado.

Kesho yake wahi kwa mkurugenzi, uingie peke yako, ufunge mlango. Mwambie anwani uliyomtumia ilikuwa ya laptop yako tu na haijawahi kufunguka popote pengine. Atakuwa anakumbuka kwamba alisema mnayapita makampuni ya nje. Usimsaidie kukumbuka! Mhasibu usimtaje, stoo usimtaje, wala ukurasa wa tatu usiuguse, sema kosa ni lako basi. Akifoka, mwache afoke. Akikuandikia onyo, lichukue, linakutosha. Kisha muombe jambo moja, kwamba aseme kwenye kikao, palepale watu walipochekea, kwamba anwani haikuwa ikifunguka kwa mtu yeyote na dada wa simu alisema kweli. Akikataa, simama useme wewe. Kucheka kidogo uliweza, kusema utaweza.

Wateja waliokwishanunua mashine mpya wapigiwe mmoja mmoja waambiwe joto sahihi, msingoje waje kusoma. Yule mama mwalimu apigiwe wa kwanza, na kampuni imrudishie mayai yake, maana hakuna ukurasa utakaomtotolea yale yaliyokufa.

Mke wako mwambie mwenyewe. Atapiga kelele, na ana haki. Kaa chini, usikilize, usitafute laptop ya kujifichia.

Haya yote nimekupangia, lakini usianze nayo. Usianze na dirisha jeusi wala na mkurugenzi. Ukiweka gazeti hili chini, nenda kwa shemeji yako. Usimtumie ujumbe, nenda kwa miguu yako, mikono mitupu. Usimweleze localhost ni nini, hajakuuliza hilo na wala si wakati wake. Utatamani kusema mtandao, utatamani kusema kulikuwa na mkanganyiko kidogo, ulimi utakupeleka huko wenyewe. Uzuie. Mwambie hivi tu: "Shemeji, uliona sawasawa. Nilijua nikanyamaza."

Kisha unyamaze tena, safari hii kwa faida yake, mpaka amalize kusema yote aliyonayo.